Kiingereza na Mwanafunzi wa Mishamo: Historia Iliyomo Ndani ya Maneno

Lugha ni sehemu ya utamaduni wa watu, na kama zilivyo sehemu nyingine zote za utamaduni, ina historia yake. Jambo hili walimu wetu hulikumbuka wanapofundisha Kiswahili: humweleza mwanafunzi habari za pwani, za misafara ya biashara, na za kamati zilizosanifisha lugha. Wafikapo kwenye Kiingereza, aghalabu hulisahau. Kiingereza huingizwa darasani kama amri. Mwanafunzi akiuliza kwa nini wingi wa "foot" ni "feet", ilhali wingi wa "boot" si "beet", huambiwa akariri. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mengi ya yale yanayomtatiza mwanafunzi katika sarufi ya Kiingereza na katika uundaji wa maneno yake ni alama za mambo yaliyowapata watu fulani zamani, na kwamba yakielezwa hivyo hueleweka, hata kama uzito wake hauishi. Mfano wetu tutauchukua Mishamo, kwa kuwa huko lugha nne zimekutana katika maisha ya ukoo mmoja.

Mishamo imo katika Mkoa wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 ulipogawanywa Mkoa wa Rukwa. Zamani ilihesabiwa katika Wilaya ya Mpanda. Siku hizi imo katika Wilaya ya Tanganyika. Asili yake kama makazi ni msiba. Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa nchini Burundi, na miongoni mwa waliotafutwa kwanza walikuwa walimu, wanafunzi na Wahutu wengine waliokuwa wamesoma. Maelfu kwa maelfu wakakimbia nchi yao. Serikali ya Tanzania iliwapa ardhi, kwanza Ulyankulu mkoani Tabora mwaka 1972, kisha Katumba karibu na mji wa Mpanda mwaka 1973. Ulyankulu ilipozidiwa na watu, wengi walihamishiwa Mishamo, iliyofunguliwa mwaka 1978. Misitu ya miombo ikafyekwa, vijiji 16 vikapangwa, na watu wakaanza kulima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Mwaka 1985 usimamizi wa makazi hayo ulikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania.

Tuzitazame lugha za watu hao. Nyumbani walizungumza Kirundi. Wachache waliokuwa wamefika shuleni huko Burundi walikuja na Kifaransa, kwa maana nchi yao ilikuwa imetawaliwa na Wabelgiji. Hapa Tanzania watoto wao waliingia katika shule za msingi zilizofuata mtaala wa taifa, wakasoma kwa Kiswahili. Kiingereza kilikuja kuwa lugha ya nne: kwanza kama somo, na baadaye, kwa wale waliobahatika kuingia sekondari, kama lugha ya kufundishia masomo karibu yote.

Tusidhani kwamba lugha hizi zilikuwa pambo tu. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamtaka mgeni anayeomba uraia awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au wa Kiingereza. Mwaka 2010 Serikali iliwakubalia uraia watu wapatao 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Wengine, zaidi ya 50,000, walichagua kurudi Burundi; na huko watoto wao, waliozoea kusoma kwa Kiswahili, wakakuta darasa linaendeshwa kwa Kirundi na Kifaransa. Mwaka 2014 Burundi nayo ikakifanya Kiingereza kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Hivyo, aliyebaki na aliyerudi, wote wawili wamekutana na Kiingereza mbele ya safari.

Katika shule zetu lugha hiyo ina historia ndefu ya mabishano. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, na Kiingereza kikashika nafasi hiyo kuanzia Kidato cha Kwanza. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta na kutoa taarifa yake mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari. Mwaka 1984 Serikali iliamua Kiingereza kibaki. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliurudisha mjadala huo, ikikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, lakini mafunzo ya sekondari yakaendelea kwa Kiingereza. Hatukusudii kuumaliza mjadala huo hapa. Tunalotaka kusema ni kwamba, maadamu mtoto wa Mishamo atakiingia Kidato cha Kwanza na Kiingereza, ni haki yake aelezwe lugha hiyo ilivyojengwa na kwa nini ikajengwa hivyo.

Na tuanze na kile anachokijua. Mtoto wa mkulima wa Mishamo anajua kwa Kirundi kwamba kazi ya shamba ni "kurima", na mwenye kuifanya ni "umurimyi". Aingiapo darasa la kwanza hukuta Kiswahili kikisema "kulima" na "mkulima". Mzizi ni mmoja. Kutoka hapo Kiswahili humpa "kilimo", "limia", "limisha" na "limika", na sikio lake linatambua kwamba maneno haya yote ni ndugu. Vivyo hivyo "umuntu" na "abantu" humfikisha kwenye "mtu" na "watu". "Igitabo" na "ibitabo" kwenye "kitabu" na "vitabu". Hata kabla ya kujua jina la ngeli, amekwisha kujua kazi yake. Amekwisha jifunza kanuni kubwa ya lugha za Kibantu: shika mzizi, badilisha viambishi, nawe utapata neno jipya ambalo msikilizaji atalielewa hata kama hajapata kulisikia.

Sasa mtoto huyo anaingia Kidato cha Kwanza, naye anataka kusema habari za kazi ya baba yake kwa Kiingereza. Tendo la kulima ardhi anaambiwa ni "till". Mwenye kulima ni "farmer". Kazi yenyewe, inapoandikwa katika kitabu cha jiografia, ni "agriculture". Anatafuta mzizi unaoyaunganisha maneno hayo matatu, wala hauoni. Hauoni kwa sababu haupo. "Till" ni neno la wakulima wa kale wa Uingereza. "Farmer" limetoka katika Kifaransa. "Agriculture" limetoka katika Kilatini. Penye ukoo mmoja katika Kiswahili, Kiingereza kimekusanya wageni watatu kutoka nchi tatu na kuwaweka nyumba moja.

Wageni hao walifikaje? Hapa ndipo historia inapoingia. Katika karne ya 5 makabila ya Waangli, Wasaksoni na Wajuti yalivuka bahari kutoka kaskazini mwa Ulaya na kuingia kisiwa cha Uingereza. Lugha yao ndiyo msingi wa Kiingereza. Maneno ya kila siku, kama "house", "water", "eat", "child" na "land", ni ya asili hiyo. Kisha, kuanzia mwishoni mwa karne ya 8, wakaja Wadenmaki na jamaa zao wa kaskazini, kwanza kwa vita na baadaye kwa makazi. Waliacha maneno kama "egg", "sky" na "take". Hata "they" na "them", viwakilishi ambavyo kwa kawaida lugha haiazimi kwa urahisi, vilitoka kwao.

Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandi, aliivamia nchi hiyo, akashinda na kutwaa ufalme. Kwa muda wa karne tatu hivi wakubwa wa Uingereza walizungumza aina ya Kifaransa, makasisi na wasomi wakaandika Kilatini, na Kiingereza kikabaki kwa wakulima na watumishi. Mwaka 1362 tu ndipo ilipotungwa sheria ya kuwataka watu waseme mashauri yao mahakamani kwa Kiingereza. Wakati huo maneno ya utawala yalikwisha kuwa ya Kifaransa: "government", "court", "judge", "prison". Alama iliyo wazi zaidi imo katika chakula. Ng'ombe akiwa malishoni, mchungaji alimwita kwa neno la Kisaksoni, "ox" au "cow". Nyama yake ilipofika mezani kwa bwana iliitwa "beef". Kondoo ni "sheep", nyama yake "mutton". Nguruwe ni "pig", nyama yake "pork". Sisi tunasema nyama ya ng'ombe na nyama ya kondoo, basi. Mwanafunzi anayekariri majina hayo mawili mawili, pasipo kujua, anakariri habari za kushindwa kwa watu waliofuga na kuwatumikia watu waliokula.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mzee wa Mishamo aliyesoma Burundi kabla ya mwaka 1972 angeweza kumsaidia mjukuu wake hapa. Katika Kifaransa alichofundishwa, ng'ombe dume ni "bœuf", kondoo ni "mouton" na nguruwe ni "porc". Maneno marefu ya kitabuni yanayomtisha kijana, kama "nation", "constitution", "population" na "possible", mzee huyo ameyajua tangu ujana wake kwa matamshi mengine. Walakini hatuna budi kutahadharisha: maneno yanayofanana si lazima yawe na maana moja. "Librairie" ya Kifaransa ni duka la vitabu, na "library" ya Kiingereza ni maktaba. "Assister à" ni kuhudhuria, na "assist" ni kusaidia.

Kwa kuwa maneno yametoka sehemu nyingi, viambishi navyo vimetoka sehemu nyingi. Ili kukanusha sifa, Kiingereza kina "un-" cha asili, kama katika "unhappy". Pia kina "in-" cha Kilatini, ambacho hubadilika kufuata herufi inayokifuata: "impossible", "illegal", "irregular". Ili kuunda jina kutokana na sifa au tendo, "kind" hutoa "kindness", "able" hutoa "ability", "arrive" hutoa "arrival", "move" hutoa "movement", na "depart" hutoa "departure". Mwanafunzi mwerevu wa Mishamo, aliyezoeshwa na lugha zake mbili kutumia kanuni, ataandika "arrivement". Mwalimu huchora mstari mwekundu. Lakini tukitazama vizuri, mtoto huyo hakukosa akili. Alitumia kanuni sahihi mahali ambapo historia haikuipitisha.

Tatizo hili huzidi katika masomo ya sayansi. Mtoto anajua kwamba "sun" ni jua. Katika kitabu cha fizikia anakuta "solar". Anajua "heart" ni moyo. Katika kitabu cha biolojia anakuta "cardiac". Anajua "tooth" ni jino. Anayeling'oa anaitwa "dentist". Mwenye kufikiri kwa Kiswahili husema nishati ya jua, ugonjwa wa moyo, daktari wa meno, na kila mara neno lililozoeleka humwongoza kwenye lile jipya. Katika Kiingereza neno lililozoeleka halimsaidii, kwani lile la kitaalamu limetoka katika Kilatini au Kigiriki. Maneno hayo ya kigeni huja hata na wingi wake wa kwao: "nucleus" huwa "nuclei", na "phenomenon" huwa "phenomena". Kiswahili kilitenda kinyume. Kilipopokea neno la Kiarabu "kitabu", kilisikia "ki-" mwanzoni, kikaliweka katika ngeli ya kiti na kijiko, nalo likapata wingi wa "vitabu". Neno lilipewa uraia kamili. Nacho Kiingereza kilipolipokea neno letu "safari", kikalipa "s" ya wingi, bila kujali kwamba kwetu safari moja na safari kumi huandikwa vilevile.

Tugeukie sarufi. Hapa mambo matatu huwasumbua wanafunzi wetu zaidi. La kwanza ni "a" na "the", kwa sababu Kiswahili na Kirundi havina maneno yanayofanya kazi hiyo kwa namna hiyo. La pili ni "he" na "she". Kwetu "amekuja" hutosha kwa mwanamume na mwanamke; mtoto anaposema habari za mama yake na kumwita "he", ujue kwamba lugha yake haikupata kumtaka achague. La tatu ni vitenzi. Katika Kiswahili "-li-" hukaa katika kila kitenzi cha wakati uliopita: alikwenda, alisoma, aliona. Katika Kiingereza "walk" hutoa "walked", lakini "see" hutoa "saw", na "go" hutoa "went". Neno "went" si mtoto wa "go" hata kidogo. Lilikuwa la kitenzi kingine, "wend", chenye maana ya kushika njia. Kitenzi hicho kilipochakaa, wakati wake uliopita uliazimwa na "go" na haukurudishwa. Vitenzi vya namna ya "see" na "saw" ni mabaki ya utaratibu wa kale sana wa kubadilisha irabu ya ndani. Vivyo hivyo "foot" na "feet", "mouse" na "mice". "Children" lina hata wingi juu ya wingi, kwani baada ya wingi wa kwanza kusahauliwa watu waliongeza wa pili. Maneno haya hutumika kila siku katika vinywa vya watu wote, na ndiyo sababu hayakukubali kunyooshwa na kanuni mpya.

Tahajia nayo ina kisa chake. William Caxton alileta mashine ya kuchapia vitabu Uingereza mwaka 1476. Wachapaji wakaanza kuyaganda maneno katika umbo moja wakati ambapo matamshi yalikuwa bado yanabadilika kwa kasi. Zamani "k" ya "know" na "gh" ya "night" zilitamkwa. Sauti zikafa, herufi zikabaki kama mashina ya miti iliyokatwa. Kiswahili kina tahajia nyepesi, lakini nacho hakikuzaliwa nayo. Kwa karne nyingi kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu; kisha zikaja herufi za Kirumi, na kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ikafanya kazi ya kusawazisha maandishi kufuata matamshi. Wepesi wetu, kama ulivyo ugumu wao, umetengenezwa na wakati.

Yafaa tuwe waadilifu. Isije ikadhaniwa kwamba tunasema lugha zetu ni nyepesi na Kiingereza ni kigumu kwa watu wote. Mwingereza anayejifunza Kiswahili hutaabika na yale ambayo mtoto wa Mishamo huyapata bure: mtu mzuri, kiti kizuri, miti mizuri, maua mazuri. Kwake "good" haibadiliki. Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi vingi vya namna hiyo, vikapotea katika karne za kuchanganyika na wageni. Kwa hiyo hakuna lugha iliyo ngumu peke yake. Ugumu ni umbali kati ya lugha unayoijua na lugha unayojifunza, na umbali huo una historia upande huu na upande ule.

Mtaalamu Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo miaka ya 1985 na 1986 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1995, aliwakuta watu wa makazi hayo wakisimulia mara kwa mara historia yao, kwa kuwa kwa kuisimulia waliielewa hali waliyokuwa nayo. Nasi tunaona kwamba njia hiyo ya kufahamu mambo inafaa pia darasani. Mtoto wa watu waliohama, ambaye babu yake alibadilisha nchi na baba yake akabadilisha uraia, hahitaji kuelezwa mara mbili maana ya vita na uhamaji katika maisha ya watu. Akielezwa kwamba maneno nayo yamehama, yameshindwa, yamepokewa na yamezeeka, ataelewa upesi.

Kwa walimu tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, waanzie kwenye lugha ambazo mtoto anazo. Ukoo wa "lima" ukiandikwa ubaoni kando ya "till", "farmer" na "agriculture", utamfundisha mwanafunzi mengi kuliko orodha ya maneno ya kukariri, na hautamfanya aone haya kwa Kirundi chake. Pili, maneno yafundishwe kwa asili zake: yale ya Kisaksoni pamoja, yale ya Kifaransa na Kilatini pamoja, kwa kuwa viambishi hufuata asili. Tatu, mwalimu atofautishe kosa la lugha na kosa la elimu. Mwanafunzi aliyenyamaza alipoulizwa habari za "cultivation" yawezekana ameshika jembe tangu utoto na anaujua udongo wa Mishamo kuliko kitabu. Tukimpa sifuri na kumwita mjinga, tutakuwa tumeipima safari ya neno moja kutoka Roma hadi London, wala hatukuipima akili yake.

Hatudai kwamba historia itaondoa kazi ya kukariri. "Went" itabaki kuwa "went", nayo itahitaji kushikwa kwa moyo. Lakini pana tofauti kubwa kati ya kijana anayekariri akidhani kwamba amezidiwa akili na lugha ya wakubwa, na kijana anayekariri akijua kwamba anabeba mabaki ya vita na ndoa za watu wengine, watu ambao nao walipata kutawaliwa, wakadharauliwa kwa lugha yao, na wakaishi mpaka wakaisemea tena mahakamani. Huyu wa pili atajifunza Kiingereza bila kukiogopa, naye atakirudia Kiswahili na Kirundi chake kwa macho mapya. Mwalimu wa Kidato cha Kwanza anaweza kumfikisha hapo, akianza hata na neno moja tu: kulima.